Mpaka Kwenye Kalvati

Tulipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni "see off", kisha akauliza kwetu mgeni akiondoka tunafanyaje.

"Tunamsindikiza," nikajibu.

"Mpaka wapi?"

Darasa likacheka. Mimi swali hilo nililiwaza mpaka kengele ya kutoka. Nyumbani kwetu Mabwerebwere, Kilosa, bibi alikuwa hamwachi mgeni mlangoni. Alimpokonya begi, akaenda naye akisimulia mpaka stesheni, na treni ikichelewa alikaa naye.

Siku hizi nafanya kazi mapokezi, kwenye hoteli moja ya Mikumi. "Nendeni mka-see off wageni," meneja hutuambia asubuhi. Tunasimama mlangoni, tunapunga mikono, basi. Mwanzoni nilikuwa najikuta nimelifuata gari mpaka getini.

"Kaka, unaenda nao Ulaya?" wenzangu walinitania.

Kila nikienda Kilosa likizo, safari ya kusindikizwa ilikuwa imepungua. Magoti ya bibi yalipoanza kuuma tukawa tunaishia msikitini, baadaye kwenye kalvati, hatua chache tu kutoka nyumbani. Nikaanza kuogopa kuaga. Je, siku nikiaga asiinuke?

Mwezi uliopita nilimkuta mkekani akichambua mchele. Muda wa basi la mwisho ulipokaribia, nikasimama nusu ndani, nusu nje. Nilikuwa nimeshapanga maneno, ili asipoinuka ionekane mimi ndiye niliyemzuia.

"Bibi, usihangaike. Jua kali."

"Nani kakuuliza habari za jua? Lete mkono, mume wangu. Unataka majirani waseme nimekufukuza?"

Tukaenda taratibu. Begi nililibeba mimi. Yeye alishika mkanda wake tu, ili watu waone analibeba. Kwenye kalvati akasimama, akahema sana. Nilimtazama, nikatazama njia tuliyotoka. Sikuweza kumwacha arudi peke yake, kwa hiyo nikamshika mkono tukarudi.

Tulipofika mlangoni akageuka, uso umemkunjuka.

"Haya, umenifikisha. Sasa twende nikusindikize."

Tulicheka mpaka akakaa kizingitini. Barabarani basi la Mikumi likapiga honi, likapita. Tuliusikiliza muungurumo wake mpaka ukapotea.

"Basi kaongeze maji kwenye sufuria," bibi akasema, akauvuta ungo wake. "Wa kula tumekuwa wawili."