Degree ya mionzi na shingo ya Mama Furaha

Wakuu, mko salama? Haya yametokea kweli, hapa hapa Birmingham. Chumvi nimetia ya kuonja tu.

Mimi ni fundi wa mashine za X-ray, nina diploma na miaka mingi kazini. Nakitaka cheti cha juu cha usalama wa mionzi. Rafiki yangu Mutua, Mkenya mwenye degree ya fizikia, naye anakitaka.

Tukikutana Balsall Heath kula ni ubishi tu. Yeye anasema cheti hicho bila degree ni hatari kwa umma. Mimi namwambia umma anaousema hajawahi hata kuusalimia.

Sasa bwana, Mama Furaha, Mkongo wa fellowship yetu anayekaa Hodge Hill, akapewa kidonge chenye mionzi kutibu tezi ya shingo. Hospitali wakamwambia kwa wiki kadhaa asikaribiane na watoto wala wajawazito, na watu wazima wasimsogelee sana. Watoto wakapelekwa kwa dada yake Longbridge.

Mchungaji akaniomba niwaeleze waumini. Nikasimama kifua mbele: "Jamani msiogope, ni kitu kidogo, mkae tu mbali kidogo."

Mnatujua lakini. Kwetu kumwona mgonjwa ni kumshika.

Jioni ile sebule ya Mama Furaha ilifurika. Akina mama wamemzunguka, mikono yote shingoni, maombi yamepamba moto. Katikati yao namwona Sister Wanjiku, mimba ya miezi saba, kafumba macho! Nilimvuta kwa mkoba hadi barabarani. Mpaka leo hanisalimii.

Mutua akacheka sana, akasema sasa tuwaachie wasomi. Akatuma kwenye group la WhatsApp slides, grafu, na ile alama ya njano ya hatari.

Hakukanyaga mtu tena. Chakula kinaachwa getini, mtu anabonyeza kengele halafu mbio. Mzee mmoja alirusha kopo la sombe, yaani kisamvu, juu ya uzio. Likapasukia kwenye gari la jirani.

Kesho yake Mama Furaha akatupigia, mimi na Mutua pamoja.

"Munanificha nini? Batu banatupa chakula sawa banalisha mbwa. Minakufa, ao namna gani?"

Akaanza kulia. Wakuu, niliumia. Mutua akamwambia hafi, tumekosea sisi.

Jumamosi tukaenda wote. Viti tukapanga uani, yeye akakaa mlangoni. Watu wazima tu, wasio wajawazito, kwa zamu. Mutua anapima umbali kwa mpini wa fagio, mimi nawarudisha wakaidi. Mchungaji akanyoosha mikono akiwa kule kwenye uzio.

"Pasteur, maombi inafika huku?"

"Inafika mama, haihitaji hata waya."

Alicheka mpaka akajishika ile shingo. Nikaona nimchokoze: kati yetu wawili, cheti apewe nani?

Akatutazama. "Weye uliniletea batu bote. Huyu akanifukuzia bote. Mukasome tena, bote wawili."

Kwa hiyo msimamo wangu wa sasa: degree isiwe lazima, lakini kila anayetaka cheti aeleze mionzi mbele ya akina mama wa kanisa. Halafu tukague wajawazito wamekaa wapi na sombe imetua wapi.

Wenye degree na tusio nayo, mnasemaje? Mawe nirushieni, sombe mlete mkononi.