Bobini Auza Vyote

Ukipeleka cherehani kwa fundi Bobini, ulirudi nyumbani na vitu viwili: cherehani kinachoshona, na kisa cha dada yake. Kisa kilikuwa cha bure. Alikisimulia huku amekilaza cherehani ubavu mezani, bisibisi imebanwa kwenye meno, akiitoa kila alipofika mahali pa kutilia mkazo.

"Mama yetu, Mungu amlaze pema, aliniambia kwa kinywa chake: mwanangu, cherehani hiki ni chako. Alipotutoka, nikaenda kununua mafuta ya kukipaka. Nusu saa tu! Narudi, nakuta meza tupu. Dada yangu, tumbo moja, ziwa moja, kakibeba!"

Mwaka wa kwanza wa kusimulia, dada alikibeba kwa mkokoteni. Mwaka wa tatu mkokoteni ukawa pikapu. Kufikia mwaka wa sita lilikuwa lori zima lenye wapakizi wanne, na mmoja wao ana kovu shavuni. Mke wa Bobini, aliyeuza nyuzi na vifungo kwenye dirisha la karakana hiyohiyo, alikuwa na kikohozi fulani ambacho hakikumshika popote pengine ila lori lilipotajwa.

Wateja walikipenda kisa hicho. Wengine waliomba waanziwe pale pa mafuta. Kwa miaka yote sita Bobini na dada yake hawakusalimiana, ingawa mtu angeweza kwenda kwa miguu kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine kabla maji ya chai hayajachemka.

Jumapili moja mwinjilisti alihubiri juu ya yule mfanyabiashara aliyetafuta lulu nzuri. Bobini, aliyekuwa benchi la sita, alisikiliza kwa makini kwa sababu habari za biashara zilimkaa vizuri. "Alipoona lulu moja ya thamani kubwa," alisema mwinjilisti, "akaenda, akauza vyote alivyokuwa navyo, akainunua. Sasa, ndugu zangu, maana yake ni hii..."

Umeme ukakatika. Kipaza sauti kikanyamaza. Mwinjilisti alikuwa na sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa, na bila kipaza sauti maana yake iliishia benchi la tatu.

"Aliuza vyote," Bobini alimwambia mkewe njiani. "Vyote! Si nusu."

"Nimesikia. Lakini maana yake alisema nini?"

"Haikufika kwetu."

"Basi tumsubiri tumuulize."

"Unaona? Ndiyo maana ufalme wa mbinguni unawapita watu. Maswali mengi mno."

Jumatatu asubuhi, mkewe alipokwenda kuchukua nyuzi dukani, Bobini alianza kutii. Alitoa nje kochi kubwa, akalisukuma kwa tumbo hadi likapita mlangoni. Akatoa kabati la vyombo, sufuria tatu, mapazia na feni. Akavipanga mbele ya karakana, akasimama kando amekunja mikono, moyo umemjaa kama mtu aliyemaliza mtihani wa kwanza.

Mkewe akarudi na mfuko wa nyuzi. Akavitazama vitu kimoja kimoja.

"Baba watoto, naona umetoa kochi langu."

"Letu."

"Nililokuja nalo. Na kabati langu. Na sufuria zangu, na mapazia niliyoyashona mwenyewe. Chako hapa ni kipi?"

Bobini akatafuta kwa macho. "Feni."

"Feni haizunguki."

Akaingia ndani na nyuzi zake.

Wanunuzi hawakuja. Waliokuja walikuwa wakaaji. Fundi viatu wa jirani alijaribu kochi, akaliona zuri, akabaki. Akafuata muuza maziwa, kisha mwalimu mstaafu, kisha mwanamke mmoja mnene aliyeleta cherehani kilichokuwa kinaruka mishono. Wakabanana wote wanne, wakapata kivuli, wakaomba kisa. Bobini hakuwa na hiana. Alikitoa chote, na siku hiyo lori liliondoka kwa kasi hata likaangusha uzio.

Ndani, mtu akakohoa.

Ilikuwa karibu adhuhuri mwinjilisti alipopita na baiskeli yake. Akashuka, akaangalia sufuria, akauliza kama kuna msiba au wanahama.

"Nauza vyote," alisema Bobini. "Kama ulivyosema jana."

"Mimi nilisema hivyo?"

"Hadi umeme ulipokatika."

Mwinjilisti akacheka mpaka akaegemea baiskeli. "Fundi, hukusikia sehemu niliyokesha nikiiandika! Nilisema kwamba yule bwana hakuwa akisafisha stoo. Alizokuwa nazo ni lulu pia, nzuri, alizozitafuta maisha yake yote. Kutoa kisichokuuma ni rahisi. Yeye alitoa alizokuwa akizionea fahari."

"Fahari," alirudia Bobini, akitazama feni.

"Nilisema pia kwamba kila mmoja anayo yake, na mara nyingi haionekani ukiingia nyumbani kwake."

"Ya huyu mimi naijua," ilisikika sauti ya mkewe dirishani. "Ina wapakizi wanne."

Watu wa kochi wakaangua kicheko. Bobini hakucheka. Mwinjilisti alipoondoka, aliingia karakanani, akachukua cherehani cha yule mwanamke, akakifungua hata mahali pasipohitaji kufunguliwa. Alikuwa na hasira, na kilichomkera zaidi ni kwamba hakumpata wa kumkasirikia. Kisa kilikuwa chake. Alikuwa amekilea, amekikuza, amekifundisha kutembea. Bila kisa hicho yeye alikuwa nani? Fundi wa kupaka mafuta, basi.

Saa tisa mkokoteni ukasimama mbele ya kochi. Aliyeusukuma alikuwa mwanamke anayetweta, mguu mmoja una kiatu cha kahawia, wa pili cheusi. Mkokotenini palikuwa na kitu kimefunikwa shuka.

"Kaka!" aliita dada yake. "Nimeambiwa umefilisika. Nimeambiwa vyombo viko nje na wewe huongei. Ni ugonjwa? Niambie!" Kabla hajajibiwa, akavuta shuka. "Nimekuletea cherehani cha mama. Ikibidi, kiuze. Tutamwelewesha mama tutakapomwona."

Kochi lote likaacha kupumua. Muuza maziwa alimbana fundi viatu mkono.

Bobini alikuwa na sentensi yake. Alikuwa ameifanyia mazoezi bafuni kwa miaka sita: "Leo umeikumbuka njia?" Ilikuwa tayari ulimini, imenolewa, na mashahidi wameketi. Akamtazama dada yake, akatazama vile viatu viwili visivyojuana. Sentensi ikakataa kutoka. Ikatoka nyingine.

"Sikwenda kununua mafuta," alisema.

"Mafuta gani?"

"Siku ile. Huwa nawaambia watu nilikwenda kununua mafuta." Akawageukia wa kochini. "Sikwenda popote. Nilikuwepo. Aliniuliza, kaka, nikichukue? Nikamwambia chukua. Nikamshikia hata upande mmoja tukakipandisha mkokotenini. Halafu nikanuna kwa kuwa alichukua."



"Na lori?" aliuliza mwalimu mstaafu kwa unyonge.

"Hakukuwa na lori. Ulikuwa mkokoteni huuhuu."

"Na yule mwenye kovu?"

"Mwalimu, tafadhali."

Bobini alijisikia kama mtu aliyevuliwa shati hadharani, ajabu ni kwamba hakusikia baridi. Dada yake alikaa kwenye ukingo wa mkokoteni, akalia kidogo, kisha akamkaripia sana: miaka sita, na yeye siku zote akidhani kosa lake ni kutosema ahsante! Kisha wote wawili wakacheka, na mkewe akatoka na vikombe.

Wa kochini walinyanyuka wakiwa wamenuna kidogo, kama watu waliotolewa kwenye sherehe kabla ya chakula, ila walisaidia kurudisha vyombo. Kwa wiki kadhaa biashara ilipoa. Kisha ikarudi, maana vyerehani havikuacha kuharibika.

Cherehani cha mama hakikuuzwa. Bobini alikifungua jioni ileile, akakuta meno ya kusukumia kitambaa yamelika, akayabadilisha, akaukaza mkanda. Alipokwisha, alikisukuma mwenyewe kwa mkokoteni hadi kwa dada yake, akakipandisha mezani karibu na dirisha, akaketi kumwangalia akijaribu mshono.

"Kaa kama mama alivyokuwa akikaa," alisema. "Mama alikuwa akikishika kitambaa kwa mkono wa kushoto."

"Wa kulia, kaka."

"Wa kushoto! Mimi ndiye niliyekuwa nikimtungia uzi."

"Na mimi nilikuwa mapajani mwake. Nani alikuwa karibu zaidi?"

Wakabishana hadi shemeji yake Bobini, mume wa dada, akaja kuwauliza kama watakula au vipi.