Mashua ya Minza na Mbegu za Pamba

Pale Nassa, ukishuka kuelekea ziwani, liko banda la bati ambalo watu wamelizoea kuliita kwa mzee Mayige, ingawa mzee mwenyewe Mungu alimchukua miaka sita iliyopita. Anayelifungua kila asubuhi ni binti yake, Minza, mama wa watoto watatu. Randa alifundishwa na baba yake kabla hajafundishwa kupika ugali, na hata sasa ugali wake una mabonge.

Mwaka huu Minza alijitia katika kazi ambayo wengi waliicheka. Alitaka kuunda mashua ya tanga kwa umbo lile lile la baba yake: pua imeinuka, kiuno chembamba, tumbo la kubeba mzigo. Lakini mbavu alizigundisha kwa gundi ya kisasa, akatumia skrubu zisizoshika kutu mahali pa misumari, na katikati akaweka ubao wa kushusha majini ili upepo usiisukume mashua kando. Tanga lilikuwa la nailoni.

"Mayu, mama yetu, siku hizi watu wanataka injini," walimwambia.

"Injini inakunywa. Upepo haunywi," alijibu, akaendelea kupiga randa.

Marcelo, mvuvi mwenye watu wanane chini yake, alikuwa amechoka na hiyo injini inayokunywa. Akaahidi kuichukua mashua, kwa sharti moja tu, isivuje.

Sharti la pili lilitoka kwa Mashimba, kaka yake mkubwa Minza. Kule Nkoma anakochungia malisho yalikuwa yamekauka, naye alitaka kuteremsha ng'ombe wake karibu na ziwa.

"Marcelo akiichukua, banda ni lako, sitasema neno tena," alimwambia. "Nakupa hadi Jumatatu ya pili; ikivuja, siku hiyo ng'ombe wangu wanalala humu. Banda la baba haliwezi kukaa bure kwa ajili ya mchezo wa mwanamke."

"Nimesikia, kaka," Minza akajibu. Hakubishana. Usiku alipiga magoti na kumwambia Mungu mambo ambayo kaka hakuyasikia.

Ikabaki kuziba mianya kati ya ubao na ubao. Mianya hiyo huzibwa kwa pamba iliyosokotwa kama kamba, ikashindiliwa kwa patasi butu. Kwandu, mke wa Mashimba, akamletea wifi yake gunia zima la pamba toka stoo ya nyumbani kwao, bila kumwuliza mumewe. Kina mama wa jumuiya wakaja wakakaa kivulini, wakachambua na kusokota huku wakiimba. Kazi ya siku tatu wakaimaliza kwa siku moja na nusu.

Kwa mzee Mayige mashua haipakwi rangi kabla ya kujaribiwa. Hujazwa maji ndani ikiwa bado juu ya magogo. Siku ya kwanza hutiririka kila mahali, huo si ubaya. Mbao zinakunywa, zinavimba, zinashikana. Siku ya tatu lazima iwe kavu nje.

Siku ya tatu ilikuwa Jumanne. Minza akapitisha kiganja chini ya mashua. Kavu. Kavu tena. Kwenye ubao wa tatu, tone. Mbele kidogo, tone jingine. Akahesabu kumi na tisa, kulia na kushoto.

Akachukua ncha ya kisu, akavuta pamba. Ikatoka na mbegu, imevimba, imetoa mkia mweupe.

"Yesu wangu," akasema Kwandu. "Imeota!"

Mbegu ilikuwa imezitenganisha nyuzi, na maji yakapata njia pembeni yake. Kosa lilikuwa jepesi, na lilikuwa la wote. Mkulima wa pamba huchambua majani na mchanga, kwa sababu ndivyo anavyokaripiwa mnadani. Mbegu hajawahi kuiona kuwa uchafu, kwani pamba yake huiuza na mbegu zake. Wale kina mama walitoa nyingi, zilizobaki wakaona hazina neno.

Kwandu akaanza kulia. "Nimekuponza, wifi. Ziba hapo panapovuja tu, upake rangi. Nani atajua?"

"Maji yatajua," Minza akasema. "Nisaidie kuzibua."

"Pote?"

"Pote."

Wakafungulia maji, wakang'oa pamba yote, ncha hadi ncha. Jumatano kina mama wakarudi kwenye pamba iliyobaki guniani, safari hii bila nyimbo. Kila mmoja alipapasa nyuzi zake mbele ya macho, na mbegu zikatupwa kwenye sufuria ili zihesabiwe kwa mlio wa kila moja ikianguka. Nyamizi, mkubwa wao, akawatania: "Leo mkimkosesha Minza banda, mtakuja kukamua ng'ombe wa Mashimba humu humu!" Kicheko kikawarudia kidogo. Alhamisi jioni Minza alipiga patasi ya mwisho, vidole vimevimba hata rozari ilimpa taabu kushika. Ijumaa asubuhi wakajaza maji upya.

Jumatatu ng'ombe wa Mashimba wakateremka toka mlimani, na mavumbi yao yakatangulia. Mashimba akaingia na fimbo yake, akamkuta Marcelo amechuchumaa chini ya mashua.

"Mwangaluka, fundi," Mashimba akamsalimu kwa kejeli. "Inalia wapi?"

"Tafuta mwenyewe, kaka."

Akatafuta. Alipapasa ubao wa tatu kulia, akazunguka, akapapasa kushoto. Akapiga magoti, mtu mzima yule, akatazama kwa chini. Kiganja kikatoka na vumbi la mbao, kavu.

"Naichukua," Marcelo akasema. "Ipake rangi."

Mashimba akajipangusa mkono kwenye koti, akamtazama mkewe aliyesimama kando ya Minza. "Na pamba ilitoka wapi?"

"Stoo," Kwandu akasema, na hakuinamisha macho.

Ng'ombe walikuwa wanasukumana mlangoni. Mashimba akawageuza kwa fimbo. "Basi nikate miti ya zizi kule juu mlimani," akanung'unika.

Minza akashusha msumeno ukutani, akampa, na mabanzi ya mbao akamwonyesha kwenye kona.

"Chukua haya pia, yatakufaa. Lakini msumeno uurudishe leo, kaka. Nina kazi nao."