Matone kwenye chai ya mama

Kichupa nililetewa na mdogo wangu anayeishi Ubelgiji. Alikuja kututembelea kwa majuma mawili, akanikuta nimekonda, macho mekundu, na siku moja nikasinzia mbele yake tukiwa tunakula chakula cha mchana. Kabla ya kuondoka akafungua sanduku lake na kuniwekea mezani kichupa cha kahawia chenye kifuniko cha mpira, kile cha kufinya ili dawa itoke tone kwa tone.

"Ni melisi," akasema. "Ni majani tu, dada. Yananukia kama limau. Kule watu wenye stresi wote wanakunywa. Matone ishirini ndani ya maji, basi, unalala mpaka asubuhi."

Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba usingizi wenyewe ninao tele, ila anayeukatiza ni mama yetu.

Baba alipofariki, tulimtoa mama mtaani kwao Buyenzi tukamleta kwangu Gasenyi, pembezoni mwa mji. Nasema "tulimtoa", lakini ni mimi niliyeamua. Mume wangu anafanya kazi Gitega, anarudi mwisho wa juma, na mimi ni karani katika ofisi mjini. Niliona mama akikaa kwangu sitahangaika kwenda na kurudi kumwangalia. Nilimpa chumba chenye dirisha la upande wa bustani. Nilimwekea kitanda kipya. Kwa watu nilisema ni kwa ajili ya afya yake.

Mama alizaliwa Buyenzi, akaolewa Buyenzi, akawa mjane Buyenzi. Msikiti ulikuwa ng'ambo ya barabara yao. Mafundi wa magari walianza kugonga mabati asubuhi mapema, na wanawake walimwita kupitia ukutani bila hata kutoka nje. Majirani zetu wa Gasenyi ni watu wazuri. Jumapili wakienda kanisani wanamsalimia kwa heshima, lakini wakirudi wanafunga mageti yao. Juma la kwanza mama aliniambia, "Huku adhana inafika imechoka."

Nilicheka. Nikamwekea adhana kwenye simu. Akaisikiliza mara moja, akanirudishia simu.

"Simu apana muadhini," akasema.

Kisha akaacha kulala. Alitembea kwenye korido, akafungua milango, akaniita kuniuliza kama geti limefungwa. Nikimjibu limefungwa, baada ya muda ataniita tena. Haikuwa kupoteza akili. Mchana alikumbuka kila kitu, hata majina ya watu waliohudhuria harusi yangu. Usiku tu ndio uliomshinda. Mimi asubuhi nilikwenda kazini kichwa kizito, nikaandika barua za ofisi zenye makosa, na mkuu wangu akaanza kuzirudisha.

Nilijaribu melisi mimi mwenyewe siku mbili. Labda ilinisaidia, labda nilitaka tu inisaidie. Siku ya tatu nikampelekea mama kichupa, nikamweleza.

Alikitazama bila kukishika. "Mi sinywi dawa ya kutengenezwa na mutu nisiyemujua. Nimemuomba Mungu usingizi. Atanipa."

Hapo ndipo ningepaswa kuishia. Jioni ile, baada ya sala ya isha, nilimtengenezea chai yake ya tangawizi kama kawaida. Nikasimama jikoni nimeipa mgongo korido, nikahesabu matone ishirini ndani ya kikombe. Tangawizi ilifunika ladha yote. Nilimpelekea, akanywa, akasema asante mwanangu.

Alilala. Siku ya pili akalala tena. Sijui hata leo kama ni yale majani, au ni uchovu uliomlimbikia, au ni kitu kingine. Mimi sikutaka kujua. Nilimtilia kila jioni kwa muda wa majuma matatu na zaidi. Makosa yakapungua kwenye barua zangu. Mkuu wangu akanisifu.

Mama alikuwa na furaha ambayo sikuiona kwake tangu baba aondoke. Asubuhi moja aliniambia anataka kufanya kisomo cha shukrani. Alipika wali mwenyewe, akanituma kununua nyama, akawaita wanawake wanne wa Buyenzi waliosoma naye madrasa utotoni. Walikuja na kanga zao nzuri, wakakaa kwenye mkeka sebuleni kwangu. Walipomaliza kusoma, mama alinyoosha mikono akasema, "Nilimuomba usingizi, na akanipa. Hajanisahau."

Wenzake wakaitikia alhamdulillahi. Mmoja alilia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika chupa ya chai, nikingoja kuwamiminia, na nilitazama chini kama mtu aliyeguswa na dua.

Baada ya siku chache, mwenzangu wa ofisini alinilalamikia kwamba hapati usingizi. Ni mama wa makamo anayekaa Musaga, anaimba kwaya, na kanisa lao halimruhusu muumini kugusa hata bia. Kesho yake nilimletea kichupa ili ajaribu. Alivaa miwani akaanza kusoma yale maandishi madogo ya pembeni, ambayo mimi sikuwahi kuyasoma.

"Dada," akasema polepole, "ninyi Waislamu munakunywa hii?"

"Ni majani tu."

"Ni majani yamelowekwa ndani ya alkoli. Ona hapa, wameandika." Akaniwekea kidole chini ya neno lenyewe. Kisha akafunga kifuniko vizuri, akanirudishia. "Mi siwezi. Lakini kama daktari ndiye alikuandikia, ni dawa yako, usihangaike."

Hakuna daktari aliyeniandikia. Na hakuna daktari wala mfamasia niliyemuuliza kama melisi inakubaliana na vidonge vya presha ambavyo mama anameza kila asubuhi. Jambo hilo nalo lilinijia hapo hapo, mbele ya meza yangu.

Ningependa kusema kwamba nilidanganyika. Lakini pua yangu ilijua. Siku ya kwanza nilipofungua kichupa, kabla ya harufu ya limau ilikuja harufu nyingine, kali, ile inayotoka kwenye mlango wa kilabu ukipita. Niliisikia, nikafunga, nikajiambia dawa zote zinanuka hivyo. Nilikuwa na haja ya kutojua.

Jambo ninaloonea aibu kuliko yote ni la jioni ile ile. Kesho yake nilikuwa na kazi nyingi ofisini. Nilisimama jikoni, nikijua sasa kilichomo, nikamtilia mama matone kumi. Nusu. Nilijiambia nitaacha polepole. Mama yangu, ambaye katika maisha yake yote hakukubali hata kukaa meza moja na chupa ya bia, nilimnywesha nikiwa na akili zangu timamu.

Asubuhi alinikuta uani nafua. Alikuwa ametoka kusali, tasbihi bado mkononi. Alinishika bega.

"Mungu akupe na we usingizi kama alionipa mi," akasema.

Nikamwambia. Sikupanga maneno. Nilisema ile dawa aliyoikataa nimekuwa nikimtilia kwenye chai, na kwamba ndani yake kuna pombe.

Aliondoa mkono begani kwangu. Kisha akauliza, "Pombe?"

"Ni kidogo sana, Mama. Ni kama dawa."

"Sikukuuliza kama ni kidogo."

Alikwenda kwenye bomba, akasukutua mdomo mara tatu, akatema, akasukutua tena. Nilimsogelea nimshike mkono, akautoa, si kwa hasira, kama mtu anayepisha tu. Halafu akakaa kwenye kigoda, akanitazama.

"Ulitaka nilale kwa sababu yangu ao kwa sababu yako?"

"Yangu, Mama."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekuwa na jibu tayari. "Na siku ile wenzangu wamekuja. Nilipokuwa namushukuru Mungu, we ulikuwa umesimama pale."

"Ndiyo."

"Ungenivuta pembeni tu," akasema. Sauti yake ilikatika hapo, na ndipo akalia. Mimi nililia pia, lakini nilijua kilio changu hakina haki ya kukaa karibu na chake.

Siku ile sikwenda kazini. Nilimpeleka Buyenzi kwa sheikh aliyemzika baba. Walizungumza mimi nikiwa nje. Alipotoka aliniambia sheikh amesema mtu hana dhambi ya kitu asichokijua. Hakuongeza neno, wala mimi sikuuliza ya mwenye kujua. Kisha akasema hatarudi Gasenyi.

Nyumba ya zamani tulikuwa tumeipangisha, ila chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa vitu vya baba. Tulivitoa vitu hivyo tukakipaka chokaa, mama akahamia humo. Wale wenzake wanne aliwaita tena, bila wali safari hii, akawaambia usingizi ule haukutokana na dua, kwamba alipewa dawa bila kujua. Hakusema ni nani aliyempa. Mmoja wao aliniambia hivyo baadaye, na kwa jinsi alivyonitazama nilijua hakuhitaji kuambiwa.

Usingizi wake haujawa mzuri. Daktari wa kliniki alimpima, akasema presha iko sawa, akamshauri atembee jioni na apunguze chai kali. Akikesha, anakaa mlangoni na jirani mjane kama yeye, wanazungumza. Kwangu Gasenyi korido imenyamaza. Mimi nalala usiku kucha, bila tone la kitu, na kila ninapoamka nimepumzika najisikia kama niliyechukua kitu cha mtu.

Aliniambia amenisamehe. Aliniambia kwa uso mkavu, akiwa anachambua mchele, na naamini ni kweli. Lakini nikifika kwake jioni, kabla sijakaa, yeye ndiye anayeinuka kwenda jikoni kutengeneza chai.

Juma lililopita alinipa pakiti yake mpya ya vidonge vya presha.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea jina, na mara ngapi kwa siku.

"Yote."

Nikafungua karatasi iliyokunjwa ndani, ya Kifaransa, herufi ndogo kama punje za mtama. Nikamsomea na kumfasiria, mstari baada ya mstari: kilichomo, wasiotakiwa kuimeza dawa hiyo, madhara yake, jinsi ya kuitunza. Ilichukua karibu saa nzima. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na kila nilipojaribu kuruka sentensi alifungua jicho moja. Nilipofika mwisho, kwenye mji ilikotengenezwa, alichukua pakiti mkononi mwangu, akaitia mfukoni, akaniambia niende, giza lisinikute njiani.