Sahani ya Baada ya Saa Sita

Kuna duka hapa Kitengela ambalo huchoma vijiti vya ubani mlangoni, na kila nikipita hapo tumbo langu linanguruma.

Shangazi aliyenilea alisema mimi chakula cha usiku peke yake kinanitosha, cha mchana sihitaji. Jirani yetu alikuwa mtawa wa Kibudha mwenye hekalu dogo la mabati, na shangazi alijua kwamba dini yake haimruhusu kula baada ya saa sita mchana. Basi kila siku alingoja saa sita ipite, kisha ananipa sahani ya githeri, mahindi na maharagwe.

"Mpelekee huyo mtu wa sanamu," alisema akicheka. "Wacha aone vile inanukia."

Mtawa alikuwa akiipokea kwa mikono miwili, kisha ananirudishia. "Kula wewe, mtoto." Alifumba macho kutafakari, ubani ukifuka, nami nikala harakaharaka.

Siku moja shangazi alininusa mdomo.

"Kumbe ni wewe nalisha!"

Hakunichapa. Kesho yake alinituma saa nne asubuhi. Mtawa alitazama jua, akatabasamu, akala taratibu mpaka punje ya mwisho. Kisha alinirudishia sahani, akafumba macho.