Binti Aliye Benchi

Jumamosi jioni, kwenye treni ya kwenda Rinkeby, huku ughaibuni, nilikaa karibu na mama mmoja wa Kikongo aliyeegemeza simu kwenye mfuko wa sombe, kisamvu cha kwao. Alikuwa akitazama wasichana wakicheza mpira wa kikapu, moja kwa moja kutoka chuo kidogo huko Marekani.

"Ule ni mutoto wangu," akaniambia, akigusa kioo. Binti alikuwa benchi.

"Pole, mama. Kocha hamchezeshi?"

"Pole ya nini? Kamera yao ni moja tu, na iko karibu na benchi. Akiingia kucheza, anakuwa kadogo kama sisimizi. Akikaa hapo, naona uso. Miaka mbili sijamugusa. Angalia, amekonda. Na nani amemusuka vile?"

Mara kocha akamwita binti. Akavua koti, akakimbilia uwanjani. Mama akapiga makofi mawili, kisha kidole kikabaki pale binti alipokuwa amekaa.

Binti akatia mpira kikapuni. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

"Vizuri, mama," yule mama akamnong'oneza bintiye kwenye kioo. "Sasa rudi ukae."

Nimekuwa shabiki tangu utotoni, na siku zote nawapigia kelele makocha wamwingize mchezaji wangu. Jumamosi hiyo nilipitiliza kituo changu, nikisubiri kocha amtoe.