Nyasi za Kuonyesha Mgongo wa Kifaranga

Miaka ile ya hamsini, ua mzuri pale mjini Baraka, kando ya ziwa, ulikuwa ua usio na jani hata moja. Mwanamke aliamka, akafagia, na udongo ukabaki mtupu wenye michirizi ya ufagio. Nyasi mbele ya mlango zilikuwa na maana moja tu: wenyewe wamehama, au wamekufa.

Sisi tulikuwa na nyasi. Nyumba yetu ya matofali mabichi ilikaa kwenye mteremko unaoelekea ziwa, na mvua za mwaka wetu wa kwanza wa ndoa zilikula udongo hadi mawe ya msingi yakachungulia. Mume wangu, aliyekuwa seremala, akaleta kutoka mtoni zile nyasi zinazotambaa, tukazipanda kuzunguka nyumba. Zilishika vizuri. Zikafika magotini, maana tuliogopa kuzigusa.

Ndipo mama mkwe akashuka kutoka Fizi, kule milimani. Nilikuwa na mimba ya kwanza, mama yangu mzazi alikwisha fariki, na sikutaka kujifungua bila mama mkwe kuwa karibu. Alisimama njiani, kikapu kichwani.

“Mutoto wangu, humu munakaa batu ao mbuzi?”

“Watu, Mama. Karibu.”

“Mi siingie. Nyoka atanipokea mbele yako.”

Akaenda kulala kwa jirani.

Asubuhi nikamkuta ameshika jembe, amekwangua kipande kando ya mlango mpaka udongo unang'aa.

“Ona, sasa nyumba iko na uso,” akasema, jasho likimtoka.

Sikubishana, mkwe habishiwi. Alasiri mvua ikanyesha, akakimbilia ndani bila kukumbuka kwamba alikataa kuingia. Tukasimama mlangoni kutazama. Maji yaliyopita kwenye nyasi yalikuwa meupe. Yale ya kipande chake yalikuwa mekundu, na kabla mvua haijakatika, jiwe la msingi lilikuwa limejitokeza kama goti.

“Eeh,” akasema polepole. Kisha: “Lakini nyoka je? Mi nataka kuona kila kinachokuja mulangoni.”

Lilikuwa ombi la haki. Nikamwambia tutazikata bila kuzing'oa. Akarudi kwa jirani kungoja.

Jua lilipokausha nyasi, maana zikiwa na maji hulala tu chini ya chuma, nikanoa kupekupe, ule upanga mrefu wa kufyekea uliopinda mwishoni. Tumbo halikuniruhusu kuinama, na mama mkwe, aliyekuwa amerudi kutoka kwa jirani, akaninyang'anya.

“We sema, mi nikate.”

Nikamweleza: leo tupunguze nusu tu. Mashina ya chini yamezoea kivuli, ni meupe. Ukiyaanika yote kwa siku moja, jua litayaunguza na utabaki na udongo uleule. Yaache yapate rangi kwanza, kisha ukate tena. Ukijaribu kwako, usiwe na haraka. Nyasi husamehe sana mtu anayezikata kidogo kidogo.

“Na tufike wapi?” akauliza.

Sikuwa na kipimo. Kuku wetu akapita na vifaranga wake, wakazama wote.

“Sioni kifaranga.”

“Basi bado, Mama.”

Siku chache baadaye, mashina yalipokuwa kijani, akakata mara ya pili. Kuku akapita tena. Safari hii migongo ya manjano ilielea juu ya majani, miguu imefichika.

“Hapo hapo,” nikasema. “Nyoka utamuona. Udongo hutauona.”

Akamtazama kuku, akacheka mpaka akaegemea kupekupe.

“Huyu kuku iko fundi kushinda bwana yako!”

Akaenda kwa jirani, akarudi na kikapu chake kichwani. Alikanyaga nyasi kwa uangalifu, akifunua kwa vidole vya mguu kila anapopita, mpaka alipofika pale alipopakwangua. Akasimama.

“Hapa utaniachia,” akasema. “Nitapanda nyasi mwenyewe.”

Kisha akainamisha kichwa ili kikapu kipite mlangoni, akaingia.